Kuku Aliyejua Kungoja

Kinoo,
3 Februari 2025

Kwa Anjali Chunilal,
Mkurugenzi, Kampuni ya Kifaranga, Kilimani

Binti yangu Anjali,

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Lazarus Wafula, yule mwalimu wa chekechea aliyekuwa akija dukani kwa baba yako River Road kila Jumamosi mwaka wa 1995, na mkoba wa ngozi mkononi. Watu walinicheka siku hizo, mwanamume mzima kufundisha watoto wa miaka minne. Baba yako hakucheka. Alikuwa fundi wa taipureta aliyeanza kujifunza kompyuta, nami nilikuwa na kompyuta mbili kuukuu ambazo ofisi moja ya mjini iliipa shule yetu.

Tukaunda mchezo. Kuku, punje za mahindi na tarakimu, hakuna zaidi. Mtoto anahesabu punje na kubonyeza tarakimu. Akipata, kuku anadonoa punje moja moja. Akikosea, kuku anainamisha kichwa upande na kungoja. Hakuna sauti wala alama nyekundu. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu la pekee, kwamba kuku angoje. Baba yako alinung'unika wiki mbili nzima: "Mwalimu, kumfanya kuku atembee ni rahisi. Kumfanya asimame tu, hiyo ndiyo kazi!"

Mtoto wa kwanza kuujaribu ulikuwa wewe. Ulikalia rundo la karatasi za kuchapia kwa sababu kiti kilikuwa kifupi. Ulikosea mara kumi na saba, nami niliandika. Kuku alikungoja mara kumi na saba.

Nasikia mchezo wenu wa Kifaranga umetokana na ule wetu, na kwamba sasa uko kwenye tableti katika shule nyingi. Sidai chochote kwa hilo. Nadai jambo lingine.

Mjukuu wangu Ivyne ana miaka mitano na nusu, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hapa Kinoo. Ijumaa alirudi na barua ya mwalimu wake, Mwalimu Veronicah, inayosema kwamba kwa mujibu wa Kifaranga mtoto hawezi kuhesabu kufikia kumi, na kwamba asipobadilika kufikia Ijumaa tarehe 28 Februari atarudishwa PP1 akaanze upya na watoto wadogo. Ivyne! Ngazi za nyumba yetu ni arobaini na tatu, yeye ndiye aliyeniambia. Juzi dukani alifungua trei ya mayai mbele ya muuzaji na kutangaza kwa sauti kwamba yako ishirini na nane, si thelathini.

Ama mchezo wenu umeharibika, ama nyinyi ndio mmeuharibu. Nataka kujua ni lipi, na nataka mwiandikie shule kabla ya tarehe hiyo.

Sisi sote nyumbani tu wazima. Majibu yapitie kwa binti yangu Nanjala, mama yake Ivyne. Anwani yake ya barua pepe ni hiyo hapo nyuma ya bahasha.

Wako,
Lazarus Wafula

*

Kilimani,
6 Februari 2025

Mwalimu Lazarus,

Habari ya siku nyingi! Nakukumbuka vizuri sana, na ule mkoba wako pia. Ulikuwa unatoa humo njugu karanga zilizofungwa kwa gazeti. Nilipomsomea Baba barua yako alitabasamu hadi akakohoa. Tangu apatwe na kiharusi anaongea polepole, lakini kichwa chake ni kile kile.

Kuhusu Ivyne nimeangalia rekodi zake mimi mwenyewe, sikumtuma mtu. Mchezo haujaharibika. Wiki iliyopita alipewa maswali arobaini ya Kifaranga. Hakukosea hata moja, kwa sababu hakujibu hata moja. Hakugusa skrini kabisa. Mfumo unahesabu kutojibu kama kukosa, ndiyo maana ripoti ni nyekundu tupu.

Labda anaona haya? Watoto wengine wanaogopa tableti mwanzoni. Mwambie Nanjala amwache acheze na simu yake nyumbani azoee. Mashine haina ubaya na mtu, Mwalimu. Inaandika tu inachokiona.

Salamu nyingi,
Anjali

*

Kinoo,
11 Februari 2025

Binti yangu Anjali,

Inaandika inachokiona. Basi jana nilikwenda shuleni nikakione nami.

Mwalimu Veronicah aliniruhusu nikae kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenigusa kidevu, karibu na Ivyne. Akawasha Kifaranga. Kuku hayupo. Punje hazipo. Kuna kitu kinaitwa Nyumba ya Bibi, na watoto wamelala mkekani, wana nyuso na majina na nguo za rangi. Sauti ya mwanamke mchangamfu ikauliza: "Watoto wangapi wamelala?" Ivyne akakunja mikono. Sauti ikauliza tena. Kisha ikalia honi, honi hasa, kama ya lori kule Waiyaki Way, na uso mwekundu ukajaa skrini ukitoa machozi. Darasa zima likageuka. Mtoto mmoja akasema, "Ni Ivyne tena!" Wakacheka.

Likafuata swali la pili. Mtoto mmoja akainuka mkekani, akatoka mlangoni, mlango ukafungwa. "Mmoja ameondoka. Wamebaki wangapi?" Honi. Machozi.

Nikamwinamia nikamuuliza mbona hajibu. Akaninong'oneza, "Kuka, hao ni watu." Kuka ni babu kwa lugha yetu.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu sisi watu hawahesabiwi. Hata ng'ombe wako huruhusiwi kuwahesabu kwa sauti, na watoto wako ndio kabisa huwagusi kwa tarakimu. Ukimuuliza mzee wa kwetu ana watoto wangapi atakwambia "wapo." Si sisi peke yetu, majirani zetu wengi wa nchi hii wana mwiko huo huo. Baba yako alitaka kuchora watoto mwaka ule. Nilikataa, tukabishana mpaka duka likafungwa, tukaweka punje. Tuliweka punje ili mtoto wa mtu yeyote, kutoka popote, aweze kukaa pale na kuhesabu bila kuvunja alichofundishwa nyumbani kwao.

Nani huko Kilimani aliona kwamba kumtoa mtoto nyumbani na kumfungia mlango ndiyo njia ya kufundisha hesabu? Na nani alimpa kazi mwenye kutengeneza honi ile? Wewe ulikosea mara kumi na saba, Anjali. Hakuna aliyekupigia honi.

Nilitoka shuleni nikaja moja kwa moja ofisini kwenu. Mlinzi wenu, Fidel, ni mtu mwema lakini mlango hakunifungulia.

"Mzee, uko na appointment?"

"Nina barua."

"Barua? Siku hizi? Si utume WhatsApp tu, mzee wangu."

"Hii nimeandika kwa wino."

"Haya, weka kwa hiyo kikapu. Hapo ndio tunaweka chakula ya watu wa juu."

Nikamwambia angalau hii yangu ikipoa haitaharibika. Alicheka sana, lakini sikuiacha barua ile. Niliirudisha nyumbani na kuiandika upya, kwa maana ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo sikutaka baba yako asomewe.

Mtoto huyo hakushindwa hesabu. Alishika adabu ya kwao, nanyi mkamwadhibu. Rudisheni punje. Ondoeni honi. Iandikieni shule.

Lazarus Wafula

*

Kilimani,
14 Februari 2025

Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Imeniuma, sitaficha.

Nyumba ya Bibi ni wazo langu. Tuliwapa watoto mia mbili michezo miwili, wa punje na wa watoto. Wa watoto waliucheza mara tatu zaidi. Watoto wanapenda nyuso. Honi ilitokana na wazazi, waliotuambia mchezo usio na sauti ya kukosa hauonyeshi kama mtoto amekosa. Shule nazo zikataka ripoti. Wewe unamwona Ivyne, Mwalimu. Mimi naona watoto elfu kumi na moja, na hakuna mzazi hata mmoja kabla yako aliyelalamika kuhusu mwiko wa kuhesabu watu. Siwezi kubadilisha mchezo mzima kwa mtoto mmoja.

Na kuna jambo lingine. Samahani kulisema, lakini ulitaka ukweli. Nimerudi nyuma kwenye rekodi. Tarehe 14 Januari, Ivyne alicheza Nyumba ya Bibi. Akaulizwa wangapi wamelala, akajibu watano, sahihi. Akaulizwa mmoja akiondoka, akajibu wanne, sahihi. Tarehe 16 alipata yote kumi, na haraka kuliko darasa lake lote. Kisha wiki moja hakuwa shuleni. Aliporudi Jumatatu tarehe 27, kimya. Tangu siku hiyo hajagusa kitu.

Kama ni mila, Mwalimu, mbona alikuwa akihesabu?

Kwa heshima,
Anjali

*

Kilimani,
20 Februari 2025

Mwalimu Lazarus,

Hujajibu, na tarehe 28 inakaribia. Kama nimekukosea, nisamehe. Si tabia yako kunyamaza katikati ya ugomvi, Baba ndiye anasema hivyo.

Nimemsomea barua zote, zako na zangu. Kwanza alinigombeza mimi kwa ajili ya honi. "Katika duka langu?" alisema. "Kuku analia honi katika duka langu?" Nikamwambia duka liliuzwa zamani. Akasema hiyo si hoja.

Kisha akaniambia niandike haya, neno kwa neno:

"Bhai Lazarus, ndugu yangu. Unakumbuka ile siku ya ubishi wa punje? Ulitoka kwenda kununua soda. Mkeo Peres alikuwa amekaa pale kwenye kaunta, amekuletea chakula. Nikamuuliza, mama, kweli mtu wenu hahesabu watoto? Akasema, 'Mwiko upo, lakini si wa kupigiwa kelele hivyo. Mimi mama yangu alituhesabu tukipanda basi. Huyu wangu ana ya kwake. Usimuulize.' Sikukuuliza. Miaka thelathini sijakuuliza. Sasa mimi ni mzee na nusu ya mdomo wangu haifanyi kazi, kwa hiyo nakuuliza na ile nusu nyingine. Kuna nini, bhai? Na Peres hajambo? Mwambie ile chai yake ya tangawizi hakuna anayeijua hapa kwangu."

Ni hayo tu. Tafadhali jibu.

Anjali

*

Kinoo,
24 Februari 2025

Binti yangu Anjali, na ndugu yangu Chunilal utakayesomewa,

Peres alifariki tarehe 19 Januari. Tulimzika Jumamosi tarehe 25, Lang'ata, kwa sababu hatuna shamba la kumpeleka. Nilikuandikia kwamba sisi sote nyumbani tu wazima, siku ya tisa baada ya kumzika. Nimeisoma sentensi hiyo kwenye nakala yangu na sijui niiite nini. Labda sikutaka kumtaja kwenye barua ya malalamiko. Labda sikutaka kumtaja popote.

Tulirudi kutoka makaburini saa kumi alasiri, tukakaa mezani. Nanjala akamimina chai. Ivyne alitazama vikombe, akatuangalia mmoja mmoja, mimi, mama yake, kaka yake mdogo Quincy, kisha akajigusa kifua. Akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia dukani kwa mayai, "Tulikuwa watano. Sasa tuko wanne."

Nikapiga meza kwa kiganja hadi chai ikamwagika. Nikamfokea: "Watu hawahesabiwi! Usirudie tena! Umenisikia?" Sijawahi kumfokea mtoto yule. Sijawahi kumfokea mtoto yeyote, miaka thelathini na miwili darasani. Nanjala alimbeba akampeleka chumbani, na hakuna aliyeitaja siku hiyo tena.

Jumatatu alikwenda shule, na mchezo wenu ukamwonyesha nyumba ya bibi, watoto watano, mmoja akatoka na mlango ukafungwa. "Wamebaki wangapi?"

Na siku ile niliyoketi naye darasani, sikukuandikia yote aliyoninong'oneza. Alisema, "Kuka, hao ni watu. Si ulisema?"

Chunilal, umeniuliza kuna nini. Mwaka wa ghasia, tulipofukuzwa kwetu, miaka mitatu kabla sijakujua, tulilala uwanjani mwa kanisa wiki saba. Kila asubuhi alipita kijana wa misaada na daftari, akituhesabu kwa ncha ya kalamu ili ajue unga wa kutugawia. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliandika alichokiona. Ndugu yangu alikuwa na watoto watatu wadogo. Maji machafu ya kisima cha pale yaliwaua, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipoondoka, kijana yule alisimama mbele yetu kesho yake, akahesabu, akafuta namba, akaandika nyingine, akapita. Hakuuliza hata mara moja nani amepungua. Mwiko wa wazee wetu nilikuwa nao tangu utotoni kama wengine, jambo la adabu tu. Kuanzia uwanja ule niliushika kwa meno.

Basi kosa la kwanza ni langu. Nimeliandika kwa wino, mnaweza kuliweka kwenye kikapu cha Fidel.

Lakini msidhani hasira yangu imekwisha. Imepata tu mahali pa kusimama. Mashine yenu ilijua siku mtoto huyu aliponyamaza. Ilikuwa na tarehe! Mtoto wa haraka kuliko darasa zima anaacha kugusa skrini siku moja, na mashine, ambayo ilijua kabla yangu, kabla ya mama yake, kabla ya mwalimu wake, haikumwita mtu na kusema, huyu ana jambo, mwulizeni. Ilimpigia honi. Mara arobaini wiki ya kwanza, na sijui mara ngapi tangu hapo. Ikamtolea machozi ya rangi, mtoto ambaye alikuwa na yake. Kuku wetu hakujua kusoma, hakuwa na ripoti, aliishi kwenye diski moja, lakini alijua kungoja. Kompyuta yenye watoto elfu kumi na moja ndani haijui?

Unasema hakuna mzazi mwingine aliyelalamika. Wangapi wamenyamaza, Anjali? Umeangalia?

Nimejaribu kumrudishia Ivyne ruhusa. Nilimwambia jana kwamba nilikosea, watu wanaweza kuhesabiwa. Alinitazama kama mtu aliyeona trei yenye upungufu. "Kuka, unasema tu ili nisirudishwe." Akarudi kwenye vitabu vyake vya rangi.

Imebaki siku nne.

Lazarus

*

Kilimani,
27 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Pole. Pole sana kwa Mama Peres. Baba alilia kwa macho yote mawili. Anasema ile chai hataikubali tena kwa mtu.

Niliangalia. Ulipouliza wangapi wamenyamaza niliketi na rekodi siku mbili. Ni mia tatu na sita. Watoto waliokuwa wakijibu vizuri halafu siku moja wakaacha, na mfumo wangu ukawapigia honi wote. Nimewapigia simu walimu wa ishirini wa kwanza. Mmoja nyumba yao iliungua. Mmoja haoni vizuri jicho moja. Mmoja baba yake alihama. Sijamaliza orodha.

Honi imeondolewa leo asubuhi, na ule uso pia. Punje zitarudi, lakini zinahitaji mwezi. Kumfanya kuku asimame tu, Baba alikuwa sahihi, hiyo ndiyo kazi. Mtoto akikaa kimya mara tatu, mchezo utatulia na mwalimu atapata ujumbe mmoja: "Mwulize mtoto."

Nimeiandikia shule ya Ivyne kwamba ripoti yetu isitumike kumrudisha mtoto yeyote darasa la chini. Mwalimu mkuu amejibu kwamba wameshaahidi kupima, na watapima. Kesho Mwalimu Veronicah atampima yeye mwenyewe, bila tableti. Zaidi ya hapo sikuweza.

Nimekosea mara ya kumi na nane.

Anjali

*

Kinoo,
1 Machi 2025

Binti yangu Anjali,

Nilikwenda. Niliruhusiwa kukaa mlangoni, kwenye kiti kile kile cha magoti kidevuni.

Nilikuwa nimetia mfukoni punje za mahindi, thelathini, kama Mwalimu Veronicah angehitaji kitu cha kuhesabia. Hakuniuliza. Ni mwalimu mzuri, lakini ana haraka, na barua yako ilikuwa haijamfikia mkononi. Aliita jina, Ivyne akasimama mbele, na mwalimu akasema kwa uchangamfu wake wote: "Haya Ivyne, hesabu wenzako. Leo darasani tuko wangapi?"

Nilitaka kusimama niseme la. Nilitaka kumwaga punje sakafuni. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nilijua wakati huo huo kwamba hasira ile ndiyo iliyopiga meza.

Ivyne hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. Watoto wakaanza kunong'ona, "Hawezi, huyu hawezi." Mwalimu alifungua kinywa ili amhimize, nikamwinulia kiganja. Akaelewa, Mungu ambariki, akafunga. Tukangoja. Sijui ni dakika ngapi.

Nikaitikia kwa kichwa. Mara moja, nikashindwa kumtazama, nikarudia nikimtazama.

Akaanza na dawati la mbele. Hakuonyesha kwa kidole, alikwenda kwa kila mmoja akamgusa bega. Mmoja, wawili, watatu. Yule aliyecheka siku ile alikuwa wa kumi na tisa, naye aliguswa bega kama wengine. Dawati la mwisho lilikuwa thelathini na tatu. Akajigusa kifua, thelathini na nne. Akamgusa mwalimu mkono, thelathini na tano. Mwalimu Veronicah akaanza kupiga makofi.

"Bado," Ivyne akamwambia.

Akaja mlangoni, akaniwekea mkono gotini. "Na Kuka. Thelathini na sita."

Atabaki PP2. Tulipokuwa tukipanda ngazi za nyumbani aliniuliza kama Kukhu wake, yaani bibi yake Peres, anahesabiwa. Nikamwambia sijui, mimi si mjuzi wa hesabu hizo, lakini tunaweza kumtaja. Kisha, kwa kuwa ngazi ni nyingi na magoti yangu yanahitaji kupumzika, nilimtajia na wale watatu wa uwanja wa kanisa. Majina yao yalikuwa Zachariah, Lenox na mdogo wao, Oyoo. Tulikuwa kumi na mmoja, tukaondoka wanane. Ndiyo mara ya kwanza naziandika namba hizo.

Zile punje bado ziko mfukoni. Nitazileta Kilimani Jumatatu, msanii wenu azione kabla hajachora. Mwambie Fidel nina miadi.

Lazarus Wafula